Mikono Kichwani

"Umeua bendi, Nashipae! Hujaijeruhi, umeiua! Umeichinja, umeichuna, ngozi umeianika kwenye uzio wa watu! Kuanzia Elerai mpaka Terrat hakuna atakayetuita tena, hata kwenye sherehe ya kutoboa mbuzi masikio!"

Huyo ni Lemburis, kiongozi wa bendi yetu, na alikuwa anasema hayo akiwa amekalia spika, jambo ambalo sisi wengine tukilifanya anatufukuza. Nashipae, mwimbaji wetu, alikuwa chini kwenye mfuko wa saruji, macho amefumba, gundi ya karatasi imemkaukia vidoleni. Tulikuwa uani kwa Gurmeet hapa Sombetini, nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Tunafanyia mazoezi pale kwa sababu Gurmeet anapenda muziki na mke wake haupendi.

"Kaka, sikufanya makusudi," Nashipae alisema, macho bado kafumba.

"Makusudi! Mkosi unauliza makusudi?"

Kwanza mumjue huyu dada. Kwao ni Oldonyosambu, alianzia kwaya ya Walutheri, akaja kwetu akiwa binti wa kuogopa maiki. Sasa ana miaka zaidi ya kumi anaozesha watu wa mji huu. Nusu ya ndoa za Sombetini zimefungwa na sauti yake. Zilizovunjika hahusiki.

Ualimu nao ulimkuta hukohuko harusini. Watoto walikuwa wanajaa mbele ya jukwaa, yeye anawakusanya, anawachezesha, mama zao wanakula kwa amani. Mwalimu Eunike, mkuu wa shule moja ya Elerai, alimwona akamwambia, "Mwanangu, hiyo kazi unayoifanya bure, watu wanaisomea." Basi akaingia chuo kusomea ualimu wa chekechea. Sauti ilishaanza kukwaruza, na mwimbaji wa kike akianza kuitwa mama na bwana harusi, ajue muda unamtupa mkono.

Lakini bendi hakuiacha. Wiki nzima yuko na watoto wa Mwalimu Eunike kwa mazoezi ya kufundisha, anawaimbisha a-e-i-o-u mpaka koo linawaka, anafuta makamasi, anagawa uji. Jioni yuko kwetu. Mwisho wa wiki, harusi. Mtu akichoka hivyo kazi zinamwingiliana kichwani. Siku moja tunasubiri kupanda jukwaani, aliinama akanifunga kamba za viatu, mimi mpiga kinanda mwenye mjukuu. Nilinyoosha na mguu wa pili. Siku nyingine Nashipae alimuuliza bwana harusi, "Mkojo umekubana?" Mbele ya wakwe.

Tulicheka sana. Mpaka Jumamosi iliyopita.

Ilikuwa sendofu, Mzee Lesian wa Terrat anamuaga binti yake kabla ya ndoa. Ukumbi una kelele, wazee wanataka kutoa baraka, hawasikiki. Lemburis akamwashiria Nashipae awatulize watu. Naye, amesimama lakini kwa kweli amelala, akashika maiki akasema kwa ile sauti ya darasani: "Wanangu! Mikono juu! Mikono mabegani! Mikono kichwani! Mdomo kufuli!"

Na ile sauti, jamani, hata ungekuwa waziri ungetii. Ukumbi mzima mikono kichwani, Mzee Lesian na rungu lake akiwemo. Kimya. Mimi mwenyewe niliacha kinanda nikashika kichwa. Ndipo mama wa binti akapiga ukelele. Maana darasani ule ni mchezo, lakini kwetu mikono kichwani ni ya msibani. Mtoto akijishika hivyo nyumbani anaulizwa anataka kumzika nani. Na pale ukoo mzima umejishika, binti yuko katikati na gauni lake, utadhani jeneza limeshaingia.

Sasa Lemburis alikuwa ametoka Terrat kuongea na wazee.

"Wanakutaka Ijumaa asubuhi," alimwambia. "Uende mwenyewe, ukae chini, uombe radhi, wakutemee mate ya baraka. Hapo ndipo Jumamosi tutapiga kwenye ndoa. Usipokwenda, hatupigi. Na tusipopiga, nafasi yako nampa binti wa Sifael, yule wa kwaya. Ameshaanza kujifunza nyimbo."

Nashipae akafumbua macho. "Nyimbo zangu?"

"Nyimbo za bendi."

"Ijumaa asubuhi mkufunzi anakuja kunikagua darasani, kaka."

"Mwambie aje Jumatatu."

"Nilishamwambia hivyo ulipotupeleka Babati. Akasema nisipoonekana tena, narudia mwaka."

"Basi wazee wa Terrat wasubiri kengele ya chuo?"

Gurmeet akatoka na vikombe vya chai. "Lemburis, mimi na mke wangu tulikuwepo. Tulishika kichwa wote wawili. Sasa tufe?"

"Bosi, wewe huozi binti."

"Ningekuwa na mabinti ningemleta Nashipae amnyamazishe mama yao kwanza."

Nilicheka peke yangu, nikaacha. Nikasema labda aombe radhi kwa simu. Lemburis aliniangalia mpaka nikageukia nyaya zangu.

"Nimekuimbia nikiwa na malaria," Nashipae alisema polepole. "Nimekuimbia nikitoka kumzika baba. Siku ileile."

"Najua," Lemburis alisema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Ndiyo maana nakuuliza, sijakufukuza. Ijumaa utakuwa wapi? Terrat, au kwa watoto?"

Nashipae alikunywa chai yake yote. Akamrudishia Gurmeet kikombe kwa mikono miwili, akashukuru. Akajikung'uta vumbi la saruji kwenye sketi, akabeba mfuko wake. Ndani mna vizibo vya soda anavyowafundishia watoto kuhesabu. Anaviokota chini ya meza harusini, sisi tukiwa tunafunga vyombo.

"Nashipae! Binti wa Sifael nimpigie au nisimpigie?"

Alifika getini, akahamishia mfuko bega la pili, akasema, "Mpigie, kaka. Na nyimbo zangu mpe," akatoka. Vizibo tulivisikia vikigongana mpaka alipokata kona.