Namba Isiyo na Jina

Kundi la ukoo wetu kwenye simu lilikuwa linapiga kura: kibanja cha babu, shamba la migomba kule Kamachumu, kiuzwe au kisiuzwe. Niliingia kwa namba mpya, bila jina wala picha, nikaandika, “Kisiuzwe.”

Baba mkubwa, mwenyekiti wetu, akaja juu. “Wewe nani? Taja mnyama ambaye ukoo wetu haumli!”

Nikamtaja.

“Kumbe kijana wetu! Sasa tuma sauti tukutambue.”

Nikarekodi salamu. Kisha baba mkubwa akaandika, “Binti hapigi kura ya kibanja,” akaniondoa.

Eti binti! Nikaipangusa simu udongo, nikaendelea kupalilia migomba ile ile waliyokuwa wakiipigia kura kutoka Dar es Salaam.