Umeruka Hapo

Kwa miaka ishirini na mbili mtu na mdogo wake, wanawake wote wawili, walifanya kazi kwenye meza moja katika kiwanda cha uchapaji. Mkubwa alisoma mswada kwa sauti, mdogo akafuatilia kwenye karatasi zilizotoka mtamboni, penseli nyekundu mkononi. Tena mkubwa alisoma hadi alama: "Mvua ilinyesha mkato mama akatoka nje nukta." Ukipita mlangoni ungedhani ana wazimu. Wenzao wakambatiza mkubwa Nukta na mdogo Mkato, na majina yakaganda.

Kiwanda kilipofungwa, Nukta alirudi nyumbani na kisukari chake. Mkato hakuweza kukaa bure. Mpwa wao, binti wa marehemu kaka yao, akamfungulia ukurasa mtandaoni, kazi ikawa kupiga picha na kitabu na kukisifu. Watu walimpenda. Walipofika elfu kumi na moja, alijikuta lazima aonyeshe vitabu vitatu kila wiki. Na nani asome vitatu kwa wiki, apike, afue, tena awajibu watu mia wanaoandika "Umetisha, mama"? Akawa anasoma sura ya kwanza, sura ya mwisho na maneno ya jaladani, basi. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri kichwani. Siku moja mtu alimuuliza amempenda nani katika riwaya aliyoisifu wiki iliyopita, naye hakukumbuka hata mhusika mmoja. Aliogopa kweli, lakini akajibu kwa kuweka alama ya moyo.

Kisukari nacho hakikulala. Kilimchukua Nukta mguu, kikamchukua macho, kikaingia kwenye figo. Daktari alimvuta Mkato pembeni, akamwambia wahesabu wiki, si miezi. Nukta hakuambiwa, ila alijua. Aliomba jambo moja.

"Ile riwaya ya mjane aliyerithi duka la kinyozi. Tuliisahihisha mwaka wetu wa kwanza. Mimi nakumbuka kosa la ukurasa wa sitini na moja tu. Hatukuisoma ile, mdogo wangu, tuliitafuta makosa. Nisomee niisikie."

Mkato akaitafuta, akaipata, akakaa kwenye kiti cha wodini na kuanza. Hakufika mbali.

"Umeruka hapo," Nukta alisema.

"Wapi, dada?"

"Umesema 'naye akamjibu'. Nani huyo? Hajatajwa mtu. Mwandishi yule alikuwa na mengi, lakini hakuwa mzembe."

Kweli alikuwa ameruka aya nzima, maana saa tisa, saa yake ya kuonyesha kitabu, ilikuwa inakaribia na ukurasa wake mtandaoni ulikuwa mtupu. Siku ya tatu akapata njia ya kuwaridhisha wote. Aliegemeza simu kwenye jagi la maji, akaiwasha ijirekodi, akasoma. Nukta haoni, atajuaje? Kilemba chake kilikuwa kimeteleza, nywele mbili tatu nje, mdomo hauna meno ya bandia, kisiki cha mguu kimetoka kwenye shuka. Mkato aliyaona yote hayo kabla ya kubonyeza. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimtetea, wakasema hakuona.

Watu walilia huko mtandaoni, wakampongeza. Keshokutwa yake muuguzi mmoja, binti mwenye roho nzuri, akaingia na furaha zake.

"Bibi, nimekuona kwenye simu! Mmeniliza nyie!"

"Nimevaa nini?" Nukta akauliza.

Binti akababaika. "Ulikuwa... umepumzika tu, bibi."

Mkato alipofika mchana alikuta maswali yanamsubiri.

"Kichwa kilikuwa wazi?"

"Ndiyo, dada."

"Na mguu?"

Mkato akavuta shuka, akaufunika.

"Miaka ishirini na mbili nimekusomea wewe. Wewe umekuja hapa kuwasomea wao. Haya, nenda kawasomee." Akageukia ukuta.

Mkato alitoka kwenye korido akampigia mpwa wake. "Nielekeze namna ya kufuta. Ukurasa wote."

"Shangazi, usifute! Wamefika elfu arobaini!"

"Nielekeze, au naitupa simu chooni."

Akafuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Video ilikuwa imeshanakiliwa, inazunguka kwa watu ambao hata jina la Nukta hawakulijua.

Tangu hapo alikuja kila siku na kitabu bila simu, akasalimia mgongo wa dada yake, akakaa. Siku ya kwanza alifungua kitabu ili tu mikono ipate kazi, na macho yalikimbia mbele kutafuta sentensi ya kuwaonyesha watu, kwa mazoea. Mkono ulienda mfukoni mara kumi. Siku ya pili alisoma ukurasa mmoja mara tatu ndipo ukaingia. Siku ya tatu hakujua saa zilivyokwenda. Alisahau harufu ya dawa, akasahau kiti kinavyomuumiza, akawa yumo ndani ya duka la yule mjane, kama alivyokuwa akizama vitabuni alipokuwa msichana, kabla hajalipwa kutafuta makosa. Diwani aliyempora mjane shamba alikuja kunyolewa kabla ya mkutano. Mjane akamnyoa ndevu upande mmoja, akafunga duka. Mkato akaangua kicheko wodi nzima ikageuka, kisha akaona aibu kufurahi mahali kama pale.

"Unacheka nini?" Sauti ilitoka upande wa ukuta.

"Mjane kamnyoa diwani—"

"Usinisimulie. Soma. Na usiruke."

Akasoma na alama zake zote, mkato kwa nukta, na Nukta akacheka mpaka akapaliwa. Wakaendelea hivyo siku nne. Nukta hakusema amesamehe. Kila siku kabla ya kuanza, alinyoosha mkono akapapasa meza yote, akalizunguka jagi, akitafuta simu. Mkato alimwambia, "Hakuna kitu, dada," naye aliendelea kupapasa. Siku ya tano hakuweza kuuinua mkono. Mkato akauchukua, akaupitisha juu ya meza yeye mwenyewe, polepole, pembe hadi pembe, kisha akaurudisha kifuani na kusoma.

Nukta alifariki alfajiri iliyofuata. Zilibaki kurasa thelathini na moja.

Mazikoni walikuja watu wengi ambao familia haikuwajua. Mwanamke mmoja alimkumbatia Mkato akilia, akamwambia, "Yule bibi tulimpenda wote, na kile kichwa chake cheupe." Mkato alishukuru.

Wiki iliyofuata alikaa kwenye kitanda cha dada yake, akasoma kurasa zilizobaki kwa sauti, bila kuruka hata neno. Alizisoma taratibu, kwa kuwa alitaka zisiishe. Mwisho wake ulikuwa mzuri ajabu, na ulipita mbele ya penseli yake zamani bila yeye kuuona. Alifunga kitabu akageuka upesi, mdomo wazi, amwambie mtu.