Mvua ya Vijiti

Sifa na shukrani ni za Mungu wetu, anayejua sufuria ya kila nyumba imebaki na nini hata kabla mwenye nyumba hajaifunua. Amenifikisha uzeeni nikiwa na meno ya kutafunia na kumbukumbu za kuchekea. Basi namtukuza kwanza, ndipo nisimulie.

Miaka ile miwa ilipokuwa na soko, upande wetu wa Kakamega ulishikwa na wazimu mtamu. Trela zilipita zikidondosha miwa kila kona, na watoto wakizifuata mbio. Jirani akilipwa na kiwanda, juma hilohilo utasikia redio mpya, utaona baiskeli mpya, na mmoja, Mungu amsamehe, alileta mke mpya. Mimi na mume wangu, katekista asiye na mshahara, nasi tukaingia. Tuling'oa migomba. Tuling'oa mihogo. Tulipanda miwa hadi ukuta wa jikoni, hata nikifungua dirisha jani lilinichapa shavuni.

Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tukiishi naye, aliuliza neno moja tu: "Na hii miwa, mtaisonga ugali?"

Tulicheka. Lakini miwa huchukua karibu miaka miwili kukomaa, na mahindi yetu yalikwisha miwa ikiwa bado inanifika kifuani. Tukaanza kununua unga kidogokidogo, kisha hata hicho kidogo kikatushinda.

Mjini Kakamega kulikuwa na mfanyabiashara aliyenunua miwa ikiwa bado michanga. Alikulipa kitu kidogo papo hapo, na siku ya kukatwa, mavuno yote yalikuwa yake. Tukimwuzia, tungekula mwezi mmoja, halafu palizi yote ile tungekuwa tumemlimia yeye. Tusipomwuzia, watoto wangelala njaa. Tulisali. Mume wangu alisali kwa utulivu, mimi nilisali jicho moja likiwa kwenye debe la unga. Nilimwomba Mungu mahindi, na nikamtajia hata aina: yale meupe ya Likuyani, yenye punje nene. Hakuna gunia lililokuja. Tukatuma neno mjini kwamba mfanyabiashara aje Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mama mkwe alitoka kwenye miwa, miguu ikiwa na umande, akasema, "Kichuguu kimefungua midomo."

Kilikuwa katikati ya shamba. Trekta la kulima lilishindwa nacho, tukakiacha na kukisahau. Sasa kilikuwa kimejaa vitundu vipya, na hiyo ni dalili kwamba kumbikumbi, ambao sisi huwaita tsiswa, wako tayari kuruka. Ila wao hungoja mvua, na mbingu ilikuwa kavu kabisa. Kwetu jambo hilo si kikwazo. Tulikunja fito juu ya vitundu, tukazifunika kwa mablanketi, tukaacha upenyo mmoja wa mwanga, na chini yake tukafukia chungu. Tukanyunyiza maji. Halafu tukakaa chini, watu wazima na akili zetu, tukaanza kugonga ubao kwa vijiti, polepole, ili wadudu waamini kuwa mvua inanyesha.

"Nilimwomba mahindi," nilimnong'oneza mume wangu.

"Hukumwambia yapitie wapi," akajibu, akaendelea kugonga.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu. "Hodi! Wenyewe mko wapi?" Mfanyabiashara alikuwa ameufuata mlio hadi ndani ya miwa, viatu vikimeta.

"Nyamaza!" mama mkwe akamkemea.

"Kukhu," akasema kwa adabu, kama sisi tunavyomwita bibi, "nimekuja kwa mambo ya miwa."

"Hawa wanatokanga kwa mvua, si kwa kelele ya soko. Shika kijiti."

"Mimi?"

"Kwani huo mkono umeubeba wa nini?"

Akakunja suruali, akachuchumaa, akagonga kama anayekimbizwa.

"Kijana, hiyo ni mvua ya mawe! Unawatisha. Nyesha vizuri."

Akanyesha vizuri. Tuligonga hadi viganja vikawaka moto. Kisha akatoka mmoja, mbawa zikiwa zimelala mgongoni. Akafuata mwingine. Halafu walibubujika kama maziwa yanapofurika, wakikimbilia mwanga na kuanguka chunguni. Chungu kikajaa, nikaleta beseni, nikaleta ndoo, mwisho nikavua kitambaa changu cha kanisani. Aliyepiga kelele kuliko wote ni yule mgeni: "Wanamwagika! Mama, leta kingine!"

Tulikaanga wa kwanza kwa chumvi, tukasonga unga wa mwisho wa debe. Mgeni alikula obusuma, ndio ugali wetu, na tsiswa hadi akafungua kifungo cha suruali. Aliponawa mikono alikumbuka kazi yake.

"Sasa, miwa."

Mume wangu alinitazama. Nilijua ananiachia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na hofu zaidi.

"Leo hatuuzi," nikasema. "Leo tumeshiba."

"Na kesho, mama?"

"Kesho bado haijafika. Ikifika, itamkuta Mungu hapa hapa."

"Lakini wewe rudi," mama mkwe akamwambia. "Mkono wako umeshajua kunyesha."

Alicheka sana, akaondoka na kifurushi cha kumbikumbi wa kumpelekea mkewe.

Jumatatu nilibeba kumbikumbi waliobaki, tuliokuwa tumewakausha, hadi soko la Kakamega. Kina mama walinizunguka kabla sijatua beseni, na nilirudi na mahindi kichwani. Yalikuwa meupe.

Sitawadanganya kwamba wadudu walitulisha hadi mavuno. Debe liliisha tena, na hofu ilirudi kukaa pale pale jikoni. Lakini kila mara kitu kilikuja kwa mlango ambao sikuwa nikiutazama. Dada mmoja wa kanisani kutoka Iguhu alituletea mbegu za maharagwe, tukapanda kati ya mistari ya miwa. Wazazi wa watoto wa katekisimu wakaanza kuleta viazi vitamu bila kuambiwa. Nikajifunza kusali macho yote mawili yakiwa yamefumbwa.

Wakataji walipofika na mapanga yao, miwa ilikuwa bado yetu. Mume wangu alivua kofia. Mama mkwe aliwazunguka wakataji akielekeza, "Ile mistari miwili ya jikoni mng'oe na mizizi. Ninataka ndizi."

Wewe unayesoma haya huku ukiwaza watoto watakula nini, Mungu akupe cha leo, akupe na usingizi. Akuletee riziki kwa mlango asioujua yeyote ila Yeye, na akuache na nafasi ya kucheka njiani. Amina.