Uzi wa Mafundo Uliokwenda Ayalandi

Kagendo alichukua uzi wangu wa miaka kumi na mmoja, akauita kazi yake, na kwa uzi huo akapata nafasi ya PhD katika chuo kimoja cha Ayalandi. Hilo ndilo kosa alilonifanyia.

Mimi ni Angélique, msusi wa mtaa wa Yeoville, huku kusini mwa Afrika. Nilitoka Uvira bila kusoma. Kuandika nilijifunza ukubwani, kanisani. Kabla ya hapo niliweka kumbukumbu kwa vidole. Mteja akija na kichwa kilichoungua kwa dawa ya kulainisha nywele, nilifunga fundo kwenye uzi wa kusukia. Aliyetoka damu, mafundo mawili. Dawa ya kopo jekundu, uzi mwekundu. Kopo jeupe, uzi mweupe. Hivyo nilijua dawa ya kukataa. Uzi ukarefuka mpaka ukazunguka kioo changu chote.

Kagendo ni Mkenya, alipanga chumba mtaa jirani wa Bellevue, na alikuwa na shahada ya pili ya mambo ya afya. Kila Jumamosi nikimsuka alitafuta kwenye simu nafasi za Ayalandi, zile ambazo chuo kinalipa ada na kukupa posho ya kuishi. Nilizijua hatua zote: unamwandikia kwanza profesa akubali kukusimamia, ndipo unatuma maombi na barua za walimu wawili. Mara nne walimkataa.

"Wanasema wazo langu halina jipya, Mama Murielle."

"Tuliza kichwa kwanza, mdogo wangu. Jipya litaingia nikimaliza kusuka."

Alicheka, kisha akatazama kioo. "Na huu uzi ni wa nini?"

Nikamweleza fundo kwa fundo. Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari, akayaandika yote. Mwezi haukuisha, profesa akamjibu.

Usaili aliufanyia saluni kwangu, kwa video, maana Bellevue umeme ulikatika. Nilizima redio, nikawanyamazisha wateja. Akauinua uzi mbele ya simu. Profesa akauliza kitu, naye akajibu upesi. Binti yangu Murielle, ambaye Kiingereza anakijua kuliko Kiswahili, akaninong'oneza:

"Ameuliza nani alifunga. Dada Kagendo amesema ni yeye."

Niliendelea kusuka nisimharibie. Simu ilipokatwa nikamuuliza kwa nini.

"Eish, Mama Murielle, ningeanza habari za saluni, muda ungeisha. Nitakutaja kwenye kitabu nitakachoandika huko."

"Na uzi?"

"Wanataka kuuona. Nitaurudisha."

Sasa yuko Ayalandi, anatuma picha: koti refu, meza karibu na dirisha, jina lake mlangoni. Ninazikuza kwa vidole nikitafuta uzi wangu ukutani. Ninamwonea wivu, sifichi. Nimefurahi kuona misuko niliyomsuka imechakaa na hajapata wa kumsuka tena. Kwenye meza ile ningekaa mimi kama mtu angenipeleka shule.

Jumatatu mteja alileta kopo jeupe. Nikageukia kioo nimhesabie mafundo, nikaona hakina uzi. Nilipoikataa dawa yake bila mafundo ya kumwonyesha, alidhani namdanganya, akaenda kwa msusi mwingine.

Kagendo bado ana deni langu. Anirudishie uzi, mafundo yote. Na amwambie profesa, kwa mdomo uleule uliosema ni yeye, kwamba aliyefunga ni Angélique wa Yeoville.