Pua ya Baba Hye-ran

Kwenye kichochoro chetu cha mafundi chuma pale Mullae, mtu akisumbuliwa na mafuta ya kukatia, yale ya kulainisha kisu cha mashine kinapokata chuma, haendi dukani kwanza, anakwenda kwa Baba Hye-ran. Jina lake ni Pyo Jong-deuk, ila hilo wanalitumia watu wa posta tu. Unampelekea chupa, anaifungua, ananusa, anasugua tone kati ya vidole viwili, kisha anakwambia: haya yana salfa, yanafaa chuma kigumu, lakini ukikerezea shaba kazi yako itageuka nyeusi, au haya yameanza kuoza, usiyatie kwenye mashine. Hakosei. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mafuta hayo hayamhusu hata kidogo, lakini alikuwa akienda kukaa pale kumsikiliza, na mimi nabaki kuwasikiliza wateja wake.

Mimi nilimpenda zaidi mkewe, na sifichi. Mama Hye-ran alifanya kazi na mumewe bega kwa bega tangu walipofungua karakana. Mume alikereza, mke alipokea. Kila kipande kilitoka kwenye mashine kikitiririka maji ya kupozea yaliyochanganywa na mafuta hayo, naye alipitisha vidole ukingoni, akatafuta vimakali vilivyobaki, akavikwangua kwa tupa. Glovu hakuvaa. Karibu na mashine inayozunguka, glovu inaweza kuvutwa na mkono ukaenda nayo, na tena kidole kilichofunikwa hakisikii kimakali.

Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyokoroga kimchi yetu, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili. Kila mwaka baridi ikikaribia, wanawake wa kichochoro tulikusanyika uani kwao, kabichi zimelala na chumvi tangu jana yake, na yeye ndiye aliyechanganya pilipili, kitunguu saumu na uduvi, mikono mitupu hadi kwenye viwiko. Sisi wengine tulikata figili na kusengenya. Kwetu tunaamini ladha inatoka mkononi mwa anayekoroga, na aliyewahi kula ya Mama Hye-ran hakuwa na la kubisha.

Halafu Baba Hye-ran akapata kazi kubwa ya vali za chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho ni kikaidi, kinaua kisu cha mashine upesi. Akanusa mafuta ya kila muuzaji, akachagua makali kuliko yote, yenye salfa tele, ya kuchanganywa na maji. Akayachanganya mazito. Joto la kiangazi lilipokausha maji kwenye tangi, badala ya kuongeza maji aliongeza mafuta. Vipande vilitoka vinang'aa, unajiona sura humo. Alikuwa akipita navyo kichochoro kizima kutuonyesha.

Mikono ya mkewe ikaanza kuwasha, ikawa myekundu, mwishowe, baridi ilipoanza, ikapasuka kwenye kila kiungo. Nikamfuata mume palepale kwenye mashine yake.

"Baba Hye-ran, mikono ya mwenzio umeiona?"

"Nimeiona. Ni baridi hiyo. Nimemnunulia mafuta ya kupaka."

"Mafuta juu ya mafuta. Unanusa mapipa ya watu, ya nyumbani kwako huyasikii? Tafuta yaliyo mapole."

"Yaliyo mapole yanaua kisu, Mama Sang-uk. Kisu kikifa, kipande kinatoka na mikwaruzo, mteja anakirudisha. Wewe nenda kamwangalie mumeo asijichome."

Mama Hye-ran, pembeni na tupa yake, akacheka. "Mwache, dada. Huyu alioa mashine, mimi nilikuja ndani ya boksi na vifaa vyake."

Tukacheka wote watatu. Kicheko kile bado kinaniuma.

Siku ya kimchi ilipofika, aliingiza mikono kwenye beseni la pilipili kama kila mwaka, akaitoa. Alisimama ameiinua mbele yake, machozi yanamtoka, akaniambia, "Dada, nifungulie bomba." Maji yenyewe yalikuwa ya barafu. Mumewe alitoka mlangoni akiwa na kipande cha vali mkononi, akaona, akakiweka chini.

Alasiri hiyohiyo aliyamwaga mafuta yote kwenye pipa la taka, akasugua tangi mpaka pembeni, akatia mengine ya mimea, mapole, akapima sawasawa. Visu vilikufa haraka kidogo. Vipande vilipungua mng'ao kidogo. Na hakuna mteja aliyerudisha hata kimoja. Mng'ao ule wote alikuwa akiuhitaji yeye peke yake.

Ila ngozi ilikuwa imeshakataa. Daktari alisema mwili ukishaikataa kemikali ya namna hiyo hausahau, na mikono ile ikikutana na chochote kikali itafura tena. Mama Hye-ran aliacha karakana, akaacha kuosha vyombo, akaacha kimchi. Tulikoroga sisi, kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa kimchi tu.

Mwaka huu Baba Hye-ran alitokea uani amekunja mikono ya shati. Alikuwa amejisugua kwa sabuni na unga wa mbao mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

"Leo nakoroga mimi," akamwambia mkewe. "Wewe niambie tu."

"Haya, leo tutakula kimchi iliyopimwa kwa rula," nikasema, na wanawake wakaangua kicheko.

Mama Hye-ran alikaa kwenye kreti, mikono ndani ya glovu nyeupe za pamba. "Usikande, hiyo si zege. Inua kutoka chini. Taratibu. Haya, uduvi sasa." Mume alitii kila neno, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alipomaliza alichomoa jani la katikati, akalikunja, akamlisha mkewe mdomoni.

Mama Hye-ran alitafuna polepole. "Tamu," akasema.

Mume naye akaonja. Taya zikasimama. Mimi nilikuwa nimeshaonja. Nyuma ya kitunguu saumu kulikuwa na kitu kidogo sana, mtu wa nje ya kichochoro asingekijua. Lakini pua ni ile ile.

"Salfa," akasema.

"Ni kidogo," mkewe akajibu.

"Ni yale niliyomwaga. Pipa lake nililisogeza juzi, bado yamo kwenye kucha." Aliitazama mikono yake, myekundu kwa pilipili, mizima, haina hata mpasuko. "Niliyachagua kwa ajili ya kisu, Mama Hye-ran. Kisu kinauzwa dukani."

"Ndiyo," akasema mkewe. "Kinauzwa."

Hakuna aliyekata figili. Kisha Mama Hye-ran akasogeza kreti karibu na beseni, mikono imelala mapajani, akafungua mdomo alishwe jani jingine.