Dakika Arobaini za Magunzi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ukufunzi nililifanya siku ya kwanza kabisa, hata saa tatu asubuhi haijafika: niliwasimamisha watu wazima kumi na mmoja, wengi wao wa umri wa mama yangu, wakaniamkia shikamoo kwa sauti moja, nami nikaitikia marahaba.

Nieleze ilivyokuwa, maana kila ninapoisimulia watu hudhani nilikuwa na kiburi. Nilikuwa na woga. Mradi mdogo wa malezi hapa Songea ulikuwa unaandaa wakufunzi. Wale kumi na mmoja walikuwa wamekaa na watoto wadogo kwa miaka mingi, na sasa walitakiwa wajifunze kuwafundisha watu wazima wenzao, yaani walezi wa vituo vya chekechea katika kata zao. Wa kuwafundisha wao nilikuwa mimi. Ukihesabu kutoka juu kushuka chini: mimi, wao, walezi, halafu mtoto wa miaka minne anayekula udongo. Mwenye umri mdogo kuliko wote, ukimtoa huyo wa udongo, nilikuwa mimi.

Sikusomea ualimu chuoni. Nilipomaliza kidato cha sita nilisaidia kwenye chekechea moja Lizaboni, kazi ikanikaa moyoni, nikaanza kusoma kila kijitabu cha malezi nilichokipata. Vingi nilivisoma kwenye simu iliyopasuka kioo, na mpaka leo kuna mistari kuhusu ukuaji wa ubongo wa mtoto ambayo sijui iliishaje kwa sababu iliangukia kwenye ufa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu moja isiyomtoka: kwamba kuna ukurasa ambao wenzake wote wameusoma, yeye tu hajauona. Dawa yangu ya hofu hiyo ilikuwa dakika. Kila andalio langu la somo lilikuwa na safu ya dakika pembeni, na saa yangu niliiweka mezani kama daktari.

Siku hiyo nilipanga kuonyesha jinsi mtoto anavyopokelewa kituoni asubuhi. Andalio lilisema: dakika mbili, waeleze washiriki kwamba sasa watajifanya watoto. Tulikuwa tumechelewa kuanza kwa dakika nne. Nikaamua kuziokoa zile mbili.

Nikaingia mlangoni, nikapiga makofi, nikasema, "Simameni wote!"

Wakasimama. Viti vikakwaruza sakafu. Wakatazamana.

"Tunamwamkiaje mwalimu?"

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Kaeni."

Wakakaa. Mama mmoja wa Maposeni, aliyevaa sweta la kijivu na miwani iliyofungwa uzi, alikaa polepole akimwambia jirani yake, kwa sauti ambayo haikukusudiwa kuwa ndogo: "Leo nimemwamkia mtu aliyezaliwa mimi nikiwa na watoto wanne."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilitazama saa.

Wakati wa chai ya saa nne, mshiriki mmoja mwanamume aliyetoka Namasakata, mcheshi wa kuzaliwa, alinijia na kikombe mkononi, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo babu. Miguu inaendeleaje?" Nikamweleza kwamba lile lilikuwa igizo. "Alhamdulillahi," akasema, "maana nilitaka kukutafutia mkongojo." Kwa wiki nzima jina langu likawa babu. Kiti kikiachwa wazi kwenye jua, na asubuhi za baridi za Juni hapa kwetu kila mtu anakitaka, husikika: "Mwachieni babu." Jumanne mratibu wetu, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, alinipitia ukumbini na kusema tu, "Marahaba zako zimefika hadi ofisini."

Niliyavumilia yote hayo kwa kuwa mkali zaidi kwenye dakika.

Sasa, yule mama wa Maposeni. Kwake kulikuwa na walezi wanane, wengi wao wamemaliza darasa la saba tu, na walikuwa wamekosa mafunzo mara mbili. Utaratibu wa mradi ulikuwa kwamba walezi hawafundishwi mpaka kata yao iwe na mkufunzi wake. Maposeni haikuwa naye. Aliniambia siku hiyo hiyo ya Jumanne, tukiwa tunafuta ubao: "Kila Jumapili tukitoka misa wananizunguka. Mama, umeshapata? Nawaambia bado. Mwalimu wangu, safari hii nipate."

Alisema "mwalimu wangu" bila utani, nami nikaingiwa na hofu zaidi, maana kupata au kukosa kulikuwa kwenye fomu yangu. Kila mshiriki alitakiwa kufundisha somo la majaribio mbele ya walezi halisi, tuliowaalika kutoka mitaa ya Lizaboni. Fomu ilikuwa na vipengele kumi na vinane. Ukipata alama ya vema kwenye kumi na vitatu, wewe ni mkufunzi. Ukipata kumi na viwili, unarudi nyumbani.

Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Somo lake lilikuwa faida ya mchezo kwa mtoto. Tulikaa pamoja tukaliandika: dakika tano utangulizi, kumi maelezo kwenye bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kugeuza, kumi kazi ya vikundi, tano hitimisho. Alikubali kila kitu. Nilipaswa kushtuka hapo.

Alhamisi alikuja na kiroba begani. Akawasalimia walezi mmoja mmoja, habari za nyumbani, za shamba, na mmoja aliposema mtoto wake ana kikohozi, akataka kujua kimeanza lini. Dakika saba zikaisha na hajasema neno mchezo. Kisha akakigeuza kiroba, na magunzi ya mahindi yakamwagika sakafuni pamoja na mabua na vipande vya vitenge.

"Haya jamani. Kila mtu atengeneze kitu alichochezea akiwa mdogo. Asiniambie mtu amesahau."

Kwanza walioneana aibu. Halafu mmoja akachukua gunzi, akalifunga kitambaa, na jirani yake akadakia: "Huyo mdoli wako mbona hana kiuno?"

"Ana kiuno cha kulimia. Wa kwako ndiye wa harusini."

Basi ukumbi ukawaka. Mmoja alitengeneza gari la mabua, mwingine akabishana naye kuhusu magurudumu. Niliandaa kadi ya kuwakumbusha muda, nikaiinua: DAKIKA TANO. Hakuna aliyeiona. Nikasogea mbele nayo.

"Kadi nimeiona, mwalimu," akasema yule mama bila kugeuka, akanitia gunzi mkononi. "Na wewe kaa utengeneze."

Nilikaa. Nilitengeneza. Mlezi mmoja aliuchungulia mdoli wangu kwa muda, akauliza kwa huruma, "Huyu amefariki?"

Katikati ya kicheko hicho binti mmoja, mlezi wa kituo cha karibu na sokoni, akasema kwamba mama yake alikuwa akiuchoma mdoli wake kila alipokosa cha kuwashia moto, naye kesho yake akitengeneza mwingine.

"Kwa hiyo ulijifunza nini?" akamuuliza yule mama.

"Kutengeneza. Nilijua kufunga fundo kabla sijaenda shule."

"Na watoto wa kituoni kwako wakija na magunzi?"

Binti akaligeuza gunzi mkononi mwake. "Nayatupa," akasema. "Nawaambia wananichafulia darasa."

Yule mama aliliacha lile jibu likae pale. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka kwao, nimesikia kila neno, na kwenye fomu nikaandika: ametoka nje ya mada.

Kazi ya magunzi ilichukua dakika arobaini. Bango kitita lilibaki limekunjwa. Malengo ya somo hakuyataja. Hitimisho lilikuwa chai. Nilihesabu alama za vema mara tatu, maana mimi huhesabu kila kitu mara tatu, na mara zote zilikuwa kumi na moja. Nikatia sahihi, nikapeleka fomu ofisini, kisha nikaenda kumwambia, kwa kuwa utaratibu ulisema anayepima ndiye anayetoa habari.

Aliomba kuiona nakala. Akaishika mbali na macho, akaanza kusoma kwa kidole. "Ametunza muda, hapana. Kweli. Ametumia bango kitita, hapana. Kweli, nililisahau hata kulikunjua." Alikiri moja baada ya jingine kama mtu anayekagua orodha ya sokoni. Alipomaliza akavua miwani. "Jumapili nitawaambia nini wale nane?"

Nikasema samahani mama, utaratibu.

"Basi nifundishe," akasema. "Kesho asubuhi. Somo hilihili, walezi walewale. Unionyeshe lilivyotakiwa kuwa."

Sasa ninakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Nilimwona mama aliyepoteza kitu alichokisubiri kwa miaka, na nilichofikiria ni kwamba hatimaye nimepata nafasi ya kuonyesha somo likiwa kamili.

Ijumaa nilifundisha. Dakika tano zilikuwa tano. Bango kitita lilikuwa na rangi nne, vichwa vya habari kwa nyekundu. Malengo niliyataja mwanzoni, nikayarudia mwishoni. Yule bwana wa Namasakata aliombwa anijazie fomu, na alinipa kumi na nane kati ya kumi na nane, akainama, akasema, "Babu, huna deni." Nilikuwa najisikia kama nimeoga maji ya moto.

Yule mama akainuka. "Jamani, mwalimu amefundisha vizuri. Mmejifunza nini?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilihesabu mapigo sita ya shoka.

"Tumejifunza kwamba mwalimu ana mwandiko mzuri," akasema mmoja.

"Na hachelewi," akaongeza mwingine.

Bibi mmoja nyuma akaona nimeanza kutokwa na jasho, akataka kunisaidia. "Ana adabu sana. Huyu amelelewa."

Wakanipigia makofi. Niliyahesabu pia.

"Na jana je?" akauliza yule mama.

Hapo wakasema kwa pamoja, wakikatizana. Ilibidi awanyamazishe ili yule binti wa sokoni asikike. "Mimi jana nimekataza magunzi yasichomwe nyumbani. Leo asubuhi nimeyapeleka kituoni kikapu kizima kabla ya kuja huku. Nimeyamwaga chini nikawaacha. Kuna mtoto ambaye tangu Januari hajawahi kusema neno. Leo amenifokea kwa sababu nimekanyaga ng'ombe wake."

Yule mama hakunitazama. Nadhani alikusudia kutonitazama, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mimi nilikuwa nimeishika fomu yangu ya kumi na nane, na nilijaribu kutafuta ni kipengele kipi kati ya hivyo ningeweza kuweka vema kwa ajili ya yule ng'ombe. Hakikuwepo.

Nikaenda ofisini.

"Naomba fomu ya mama wa Maposeni," nikamwambia mratibu.

"Umekosea kujumlisha?"

"Hapana. Hesabu ni sahihi."

"Sasa unaitakia nini?"

"Nilipima vitu vingine. Waliofundishwa sikuwauliza."

Alinitazama juu ya miwani. "Watu huja hapa kunilalamikia hesabu mbaya. Wewe ni wa kwanza kunilalamikia hesabu nzuri." Alinikataza kuifuta ile fomu. Alisema kosa likifutwa hakuna anayejua lilikuwepo, kwa hiyo niandike maelezo, niyaambatishe, nitie sahihi yangu chini. Niliandika hapohapo kwenye benchi la nje. Nilieleza magunzi, yule binti, mtoto aliyesema, na ule mdoli wangu. Niliandika pia kwamba nilipofundisha mimi hakuna aliyejifunza, na sentensi hiyo niliianza upya mara nyingi kuliko zote.

Mratibu alisoma mpaka mwisho. "Kurasa tatu," akasema. "Mistari mitatu ingetosha." Akachukua kalamu, akaandika juu ya fomu kwamba mshiriki huyu apewe kundi la kufundisha, akagonga muhuri. "Mwambie Jumapili ana la kusema."

Nilimkuta anakunja sweta lake kujiandaa kwa safari. Nilipomwambia alikaa kitini, akafunika uso kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumtafutia kiroba kingine, kwa kuwa walezi wake ni wanane na magunzi aliyonayo hayatoshi.

Anafundisha huko kwao mpaka sasa. Mimi bado naandaa masomo yangu kwa dakika, sijapona kabisa. Lakini sijazi tena fomu ya mkufunzi yeyote kabla sijakaa na watu aliowafundisha na kuwauliza, bila yeye kuwepo, ni kitu gani watakifanya tofauti kesho yake.