Taa ya Mlango wa Zizi

Mwaka ule Baba alikuwa akilala nje zizini, kule Tinde, akilinda ng'ombe huku kifua kikimbana. Dada yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akamtengenezea mlinzi: ubao, transista moja, balbu ya tochi, na waya mwembamba wa kufunga kwenye mlango wa zizi. Mwizi akiukata waya, balbu inawaka chumbani.

Baba akashusha betri kuukuu alizozianika juu ya bati zirudishe nguvu, kama tulivyofanya wote. Dada akazitia, akaukata waya. Balbu ikawaka.

"Imetosha! Leo nalala kitandani."

"Ngoja, Baba. Betri ya juani ina nguvu ya kusalimia tu."

Akabandika maji ya ugali, akaiacha balbu ikiwaka. Maji hayajachemka, ikawa nyekundu, ikazima. Dada hakununa, aliandika daftarini kwa utulivu ambao mpaka leo nautafuta ninaposhika kalamu.

Baba alimtazama. Kisha akafungua redio yake, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa, akatoa betri mpya zote.

"Haya, mwalimu. Pima."

Ugali ukaiva, tukala, balbu ingali inawaka. Usiku huo nilimsikia Baba akikoroma ndani ya nyumba.